Kisima Kilichoingia Sinema

Mwalimu Zefania alikuwa mtu aliyechoka. Hakuchoka kama wewe na mimi, ambao tukilala tunaamka wazima. Alichoka kama mlango wa darasa la kwanza, unaopigwa teke na kila anayeingia na kila anayetoka, wala hakuna anayekumbuka kuutia mafuta. Alikuwa amechoka asubuhi kabla ya sala, na baada ya sala alikuwa amechoka zaidi, kwa kuwa alikuwa ameiongoza.

Watu wa misheni walidhani ni kazi ya kufundisha. Sivyo. Kufundisha hakujamchosha mtu yeyote anayejua kuwapa wanafunzi hesabu ndefu kisha akasinzia. Kilichomchosha Mwalimu Zefania kilikuwa Kisima.

Kisima kilikuwa mchezo wa kuimba. Humo ndani hakuna aliyesema neno kavu. Salamu ziliimbwa, matusi yaliimbwa, hata kikohozi cha baba mkwe kilikuwa na sauti ya kwanza na sauti ya pili. Mwalimu alikitunga mwenyewe zamani, siku ambazo mgongo wake ulikuwa bado unakunjika na kukunjuka. Hadithi yake ni fupi. Nchi imekauka. Mzee mmoja ana binti, naye anatangaza kwamba atakayempatia maji ndiye atakayemwoa binti huyo. Wanakuja wachumba watatu, mfugaji, mwindaji na karani. Kila mmoja anachimba, anashindwa, anaondoka na wimbo wa kujitetea. Mwishowe binti mwenyewe anachukua jembe, anapiga mara moja pembeni, na maji yanatoka. Maji hayo yalikuwa kwenye mtungi uliofukiwa tangu asubuhi. Kila mtu alijua, na kila mtu alishangaa.

Hadi hapo hakuna ubaya. Ubaya uliingia kwa njia ya desturi. Katika nchi ya Iramba mtu akisimulia ngano usiku wa mavuno, hasongi mbele mpaka wanaomsikiliza wameitikia. Wakinyamaza hujua wamelala, au wamemkataa, naye hukaa kimya mpaka waamke au wamsamehe. Mwalimu Zefania, kwa ujana wake na kwa kupenda sifa, akaitia desturi hiyo ndani ya mchezo. Mchumba hupiga jembe, huinua uso, huimba, "Je, nimefika?" Watazamaji wakiitikia, "Bado," hurudi kuchimba. Haruhusiwi kutoka shimoni mpaka watazamaji wenyewe waseme, "Umefika."

Na shimo lilikuwa shimo kweli. Watu wa Iramba wasingemwitikia mtu anayepapasa vumbi.

Miaka ya kwanza walikuwa na huruma. Mchumba alichimba kidogo, wakacheka, wakamwachia. Halafu Jumbe Kefa wa kijiji cha Misigiri, mtu mwenye akili ya kitawala, akagundua jambo. Wakati huo Bwana Afya alikuwa akizunguka vijijini akiamuru mashimo: shimo la takataka sokoni, shimo la choo kila mji. Jumbe alikuwa akisumbuka kupata wachimbaji. Kumbe kulikuwa na kundi la vijana wenye nguvu, waliolishwa na misheni, wanaokuja wenyewe, wanaochimba wakiimba, na ambao hawawezi kuacha mpaka waruhusiwe. Mwaka ule Misigiri walisema "Bado" mpaka vichwa vya wachumba vikapotea chini ya ardhi. Bwana Afya alipopita alilisifu shimo. Habari zikasambaa. Tangu hapo hakuna kijiji kilichoalika Kisima kwa ajili ya nyimbo peke yake.

Mwaka mmoja mwanafunzi aliyekuwa karani akapata matubwitubwi. Mashavu yalimvimba mpaka akawa hawezi kuimba ila herufi moja. Mwalimu akavaa tai, akaingia shimoni badala yake, kwa siku hiyo moja tu. Watu wa Misigiri walipomwona, yule yule anayewachapa watoto wao kwa kuchelewa kengele, akiwa shimoni na jembe mkononi na tai shingoni, wakagoma kabisa kusema "Umefika." Aliyeongoza mgomo alikuwa Bibi Yunisi, kizee mwembamba mwenye sauti ya filimbi ya mpira, ambaye wajukuu zake wote walikuwa wamesoma kwa Mwalimu na wote walikuwa wamechapwa. Kuanzia siku hiyo kijana hakuruhusiwa tena kucheza karani. Vijiji vilimtaka Mwalimu.

Basi kila mavuno, watu wakiwa na chakula na ardhi haijawa jiwe, Mwalimu Zefania alizunguka Iramba akichimba. Na kila mavuno mke wake, Damari, alivuna uwele na mtama wa nyumba nzima peke yake. Hakuwahi kukiona Kisima hata mara moja. Angekiona saa ngapi?

"Baba Andrea," alimwambia jioni moja, akimkanda mgongo kwa maji ya moto. Andrea ni mtoto wao wa kwanza. "Umechimba mashimo ya nchi hii yote. Choo chetu kina kina cha magoti."

"Nitakichimba."

"Lini?"

"Nikipumzika."

"Basi hatutakuwa na choo," alisema Damari, akaendelea kukanda. Hakusema kwa hasira. Hasira ilikuwa imekwisha miaka mingi nyuma, na mahali pake palibaki kitu kama baridi ya asubuhi, ambayo mtu huizoea tu.

"Mwaka ujao nitavuna na wewe," alisema Mwalimu.

"Kanisani tunakatazwa kuapa."

"Sijaapa. Nimesema."

"Afadhali," alisema Damari.

*

Katika mwaka wa kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, walimu wa jimbo waliitwa bomani Singida kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Hapo walimkuta Mzungu mrefu aliyeungua pua, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha za sinema na kuzitembeza kwa gari. Watu walikwisha kumwita Bwana Sinema. Pembeni yake alikuwapo msaidizi wake, Bonifasi, kijana wa Dar es Salaam, mwenye miwani myeusi na suruali pana, ambaye alitazama vumbi la Singida kama mtu aliyekosewa adabu.

Bwana Sinema alisema amechoka kuwaonyesha watu picha za kuosha mikono. Alitaka safari hii picha yenye hadithi na nyimbo. Amesikia kwamba shule za huku zina michezo ya kuimba. Je, ni upi unaostahili kuingia sinema?

Mwalimu Zefania, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na dirisha ili asinzie vizuri, akafungua macho. Wazo lilimjia lenyewe, taratibu, kama mgonjwa anayeletewa uji. Kama Kisima kitaingia sinema, kitatembea kwa gari. Kitafika Misigiri bila yeye, kitafika kila kijiji bila yeye. Karani atachimba kwenye shuka jeupe, na karani wa kweli atakuwa shambani na mke wake, akivuna uwele. Hakuwahi kutaka kitu namna ile tangu alipotaka kuoa.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mwalimu Simeoni wa Kintinku.

"Bwana, wangu unastahili," alisema. "Watu wako kituoni wanangoja gari moshi. Wanaimba wakingoja. Kuna mwenye mbuzi, kuna mwenye kuku, kuna bibi harusi."

"Gari linafika lini?" aliuliza Bwana Sinema.

"Halifiki, Bwana. Ndiyo utamu wake."

Bwana Shauri akakohoa. Alisema serikali isingependa picha ya namna hiyo kuhusu reli. Simeoni akakaa, akamnong'oneza jirani yake kwamba bibi harusi tu angetosha kuijaza sinema, maana ni mnene kupita kiasi.

Akasimama Mwalimu Antipasi wa Itigi. Wake uliitwa Mzinga, na ulikuwa habari ya mlina asali aliyemficha shemeji yake msituni.

"Nyimbo ngapi?"

"Nyingi, Bwana. Lakini kwaya kubwa ni ya nyuki."

"Watoto wanajifanya nyuki?"

"Hapana, Bwana. Ni nyuki."

"Nyuki wenyewe?"

"Tunaleta mzinga jukwaani. Wanaanza kuimba tukiutikisa."

Bonifasi akavua miwani kwa mara ya kwanza. "Bwana," alimwambia Mzungu wake, "mie mchezo huo sishiki kamera."

Zamu ya Mwalimu Zefania ilipofika, alisimama kwa kushika ukuta. Alieleza ukame, binti, wachumba na maji. Aliimba kidogo wimbo wa mfugaji, na kidogo wa binti, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto ili yeye mwenyewe apate kulala. Hata Simeoni alitikisa kichwa kwa kukubali. Wimbo ule wa binti, kusema kweli, ulikuwa mzuri; ungeweza kumfanya askari wa boma asahau funguo.

"Na huo unakwisha?" aliuliza Bwana Sinema, ambaye sasa alikuwa mwangalifu.

"Unakwisha, Bwana. Naomba sana ukwishe."

*

Watu wa sinema walikuja kwa Mwalimu Zefania na magari mawili baada ya mwezi. Uwanja wa shule ukajaa nyaya. Kulikuwa na kamera yenye miguu mitatu na mashine ya kunasa sauti, ambayo Bonifasi aliikatazia watu kupumua mbele yake. Mwalimu aliona tendo moja lililomjaza shukrani mpaka kooni. Wafungwa wa boma waliletwa, wakachimba shimo, wakaenda zao. Lilikuwa zuri, lenye kingo zilizonyooka, tayari kabisa, limekaa pale linamngoja kama chakula kilichopakuliwa.

"Sasa mimi nitachimba wapi?" aliuliza.

"Unaingia tu humo," alisema Bonifasi. "Watupa udongo juu kidogo. Sinema hiyo, mwalimu, si shamba."

Wazazi waliokuja kutazama walifukuziwa mbali, nyuma ya kamba, karibu na jiko la shule, wakaambiwa wasitoe sauti. Wachumba wawili wa kwanza walipigwa picha. Kila mmoja aliuliza kama amefika, akasimama akingoja, na Bwana Sinema akapiga makofi kusimamisha kazi. Filamu ilikuwa ikipotea. Ilipofika zamu ya karani uso wa Bwana Sinema ulikuwa mwekundu kuliko pua yake.

Mwalimu aliingia shimoni na tai yake. Akatupa udongo. Akainua uso, akaimba, "Je, nimefika?"

Kule nyuma ya kamba watu walikuwa wameziba midomo kwa mikono. Mwalimu akangoja. Alijua hakuna atakayemjibu. Aliambiwa tangu asubuhi. Lakini miguu haikukubali kutoka na mikono haikukubali kuchimba, maana mtu hawezi kuuliza jambo mbele za watu kisha akajiendea zake. Hata kuku hafanyi hivyo.

"Mbona waganda kama bango?" aliuliza Bonifasi.

"Nangoja."

"Wangoja nini?"

"Sijaitikiwa."

Bonifasi akamweleza Bwana Sinema. Bwana Sinema akaja mwenyewe mpaka ukingoni, akachuchumaa, akasema kwa upole wa mtu anayehesabu moyoni, "Mwalimu. Uliza mara tatu. Wakijibu, wasipojibu, tupa jembe, toka."

"Mara tatu tu?"

"Mara tatu tu."

"Halafu natoka?"

"Unatoka, unaimba, unakwenda zako."

Mwalimu Zefania alimtazama mtu yule kama wana wa Israeli walivyoitazama mana. Miaka yote ile ya kupigiwa kelele na Bibi Yunisi, kumbe njia ilikuwapo. Akauliza mara tatu bila kungoja, akatupa jembe, akatoka shimoni kwa hatua nyepesi ambazo wanafunzi wake hawakuwahi kuziona. Stumai, msichana aliyecheza binti, ilibidi aambiwe aache kumkodolea macho. Mfugaji na mwindaji wakarudishwa shimoni, wakapigwa picha upya kwa njia hiyo hiyo. Kisha Stumai akaimba wimbo wake, akapiga jembe, maji yakatoka, na Bwana Sinema akasema ni vizuri sana.

Jioni ile Mwalimu alifika nyumbani bila kushika kiuno.

"Mwaka ujao," alimwambia Damari, "Kisima kinatembea chenyewe."

Damari alikuwa akipepeta. Hakuacha. "Na wewe?"

"Mimi niko hapa."

Ungo ukasimama kidogo tu, kisha ukaendelea.

*

Mwaka uliofuata ukawa kama alivyosema. Vijiji vilipoleta mwaliko, Mwalimu alijibu kwa heshima kwamba mchezo umekwenda Dar es Salaam kusafishwa, na utarudi kwa gari. Shule ilipofungwa akachukua kisu cha kuvunia, akaenda shambani na mke wake.

Alikuwa mvunaji mbaya. Alikata masuke mafupi mno, akaangusha mengine, akasimama mara kwa mara kuutazama uwele kana kwamba anatafuta makosa ya kusahihisha. Damari alimpita mara mbili kwenye mstari.

"Wanafunzi wako wakikuona watakuchapa," alisema.

"Nijifunze pole pole."

"Pole pole ya nani? Ndege hawajafunga shule."

Lakini alisema akicheka, na mchana walikula viazi pamoja kivulini mwa kichaka, na Mwalimu akalala usingizi mfupi ambao hakuna kengele iliyoukata. Alipoamka alimkuta mke wake amekaa tu, hafanyi kazi, anatazama shamba. Nusu lilikuwa limevunwa. Nusu nyingine ingekwisha kabla ya Jumapili, wakiwa wawili.

"Sikujua kama linakwisha upesi hivi," alisema Damari.

Mwalimu akakitafuta kisu chake. Alijisikia kama mtu aliyerudisha kitu cha watu kikiwa kimechakaa.

Jioni ile ile mjumbe akaja kutoka kwa Jumbe Kefa. Gari la sinema litafika Misigiri kesho. Mwalimu anaombwa awepo, akae kiti cha mbele, ili watu wampongeze. Akatae vipi? Tena safari hii alikuwa anakwenda kukaa. Kwenda kukaa si kazi.

"Twende wote," alimwambia mke wake. "Ukakione."

Damari akafikiri. "Na uwele?"

"Kesho kutwa asubuhi tuko shambani. Nimesema."

*

Walipofika Misigiri jua lilikuwa linaaga, na uwanja wa soko ulikuwa umejaa watu mpaka juu ya mapaa. Shuka jeupe lilikuwa limetundikwa kati ya nguzo mbili. Mbele ya shuka, chini, Mwalimu aliona mraba uliochorwa kwa majivu. Ulikuwa mraba safi, pembe zote sawa. Akausogelea, akautazama, kisha akamtafuta Jumbe Kefa.

"Shikamoo, Jumbe," alisema.

"Marahaba, Mwalimu, marahaba. Tumefurahi. Keti."

"Huu mraba, Jumbe?"

"Ah, huo. Bwana Afya anasema soko limekua. Lile shimo la kwanza limejaa." Jumbe Kefa akampiga bega kwa upendo. "Keti, Mwalimu. Leo unapumzika."

Wanaume walikaa kulia na wanawake kushoto. Damari akaenda kukaa kati ya akina mama, karibu na Bibi Yunisi, ambaye alimsogezea ngozi ya mbuzi ya kukalia. Giza lilipoingia Bonifasi akawasha mashine. Shuka likang'aa. Uwanja wa shule ukatokea juu yake, na mzee na binti yake, na ukame. Watu wakavuta pumzi kwa pamoja. Mfugaji akaja, akaingia shimoni, akatupa udongo, akaimba, "Je, nimefika?"

"Bado," likaitikia soko zima.

Mfugaji alikuwa amekwisha uliza mara ya pili.

"Bado," waliitikia, kwa haraka kidogo. Lakini mfugaji alikuwa ametupa jembe na anakwenda zake akiimba.

Manung'uniko yakapita kama upepo kwenye mtama.

"Hajaambiwa aende," alisema mtu.

"Labda hakusikia."

"Tuliitikia kwa nguvu. Hata Kiomboi wamesikia."

Mwindaji naye akafanya yale yale. Walimpigia kelele wakiwa wamesimama, naye akaondoka bila kugeuza shingo. Kisha akaja karani. Mwalimu Zefania akajiona yeye mwenyewe, mkubwa kama mti, tai shingoni, akiuliza, akiuliza tena, asingoje, akiruka nje ya shimo kwa hatua nyepesi. Hatua zile zilimwaibisha. Zilikuwa hatua za mtu anayetoroka kanisani wakati wa matangazo.

"Simamisha huyo," ilisema sauti ya Bibi Yunisi.

Bonifasi akachukua kipaza sauti. "Wazazi, tulieni. Picha haisimami."

"Tumemjibu."

"Haisikii, bibi. Picha hiyo."

"Basi inauliza ya nini?"

Bonifasi akakiweka kipaza sauti chini. Stumai aliimba wimbo wake wote juu ya shuka, ule wimbo mzuri, na hakuna aliyeusikia, kwa kuwa watu walikuwa wakijadiliana. Maji yakatoka. Shuka likawa jeupe. Taa ya gari ikawashwa, ikaangukia mraba wa majivu, ambao ulikuwa kama ulivyokuwa.

Jumbe Kefa akasimama. Alikuwa mtu wa haki, na alisema kwa sauti ya baraza.

"Picha ni nzuri. Tumewaona watoto wetu, wamenenepa. Tunamshukuru Bwana Sinema popote alipo." Akautazama mraba. "Shimo liko wapi?"

Macho yakaanza kuhama, moja moja, mpaka yote yakafika kiti cha mbele.

"Jumbe," alisema Mwalimu. "Mimi leo ni mgeni."

"Ndiyo maana tumekutafutia jembe jipya."

"Sina wanafunzi. Sina kwaya."

"Sisi tunaimba. Miaka yote hii tumeimba na wewe, kuna wimbo tusioujua?"

"Jumbe, mgongo."

Jumbe akainama karibu naye, na sasa aliongea kwa sauti ndogo, sauti ya mtu kwa mtu. "Mwalimu, usifikiri ni shimo tu. Shimo nitachimbisha hata kwa kuwatoza faini. Lakini watu hawa wameulizwa jambo mara tisa usiku huu, wamejibu, na hakuna aliyewasikiliza. Hawawezi kwenda kulala hivi. Wewe ungeweza?"

Mwalimu Zefania akafikiria jinsi alivyoganda shimoni mwaka jana, miguu ikikataa. Akajua kwamba asingeweza. Hilo ndilo lililomchosha kuliko yote: kwamba Jumbe alikuwa na haki.

Akasimama, akafungua vifungo vya mikono ya shati. Mtu akamtoa wasiwasi kuhusu tai kwa kumvika ya Bonifasi, bila ruhusa ya Bonifasi. Akaingia kwenye mraba. Soko likatulia kabisa, wakaketi, wakavuta watoto mapajani. Akainua jembe, akapiga. Ardhi ilikuwa imekauka kuliko miaka mingine, kwa kuwa mchezo ulichelewa. Akapiga tena, akatupa udongo kando, akapiga tena, mpaka jasho likaanza. Wazo moja lilimpa nguvu. Safari hii hakuwa peke yake. Kati ya watu wote wale alikuwapo mmoja aliyeujua mgongo huu mfupa kwa mfupa, na ambaye kesho asubuhi anauhitaji shambani. Sauti moja tu ikianza kusema "Umefika," wengine hufuata; ndivyo watu walivyo. Akainua uso, akaugeuzia upande wa wanawake, akamwona Damari chini ya taa, mikono imekumbatia magoti, macho yamemtulia.

Akaimba kwa ajili yake, vizuri, kama alivyokuwa hajaimba tangu alipokuwa kijana.

"Je, nimefika?"

Soko likavuta pumzi. Lakini kabla halijajibu, sauti moja ya mwanamke iliwatangulia wote, sauti safi iliyotoka kwa mtu anayefurahi kweli kweli, ikiwa mbele hata ya filimbi ya Bibi Yunisi.

"Bado," aliimba Damari.

Na soko lote likamfuata.

Mwalimu alisimama kidogo, akimtazama. Damari alikuwa anacheka, mkono kinywani, mabega yakitikisika, na Bibi Yunisi alikuwa amemshika paja kama mtu aliyempata ndugu. Mwalimu hakukumbuka kama aliwahi kumwona mke wake akicheka namna ile, amekaa chini, hana jembe, hana ungo, anatazama mtu mwingine akifanya kazi.

Akatema mate viganjani, akainama, akaendelea kuchimba.